Jiwe jeusi linalong'aa sio silva

Ile meseji ya kwenye magrupu imerudi tena Arusha na Moshi, ati ukiokota jiwe jeusi zito linaloacha masizi mkononi basi ni silva ya migodi ya Mjerumani, usimwonyeshe mtu. Hapana jamani.

Jiwe la kuchafua vidole hivyo mara nyingi ni madini ya manganizi, yale yanayotumika kwenye chuma cha pua na betri za tochi. Silva haichafui vidole namna hiyo, na ni nzito mno, sentimita moja ya ujazo ina gramu kama 10.5 wakati manganizi ni kama 5 tu. Likwaruze nyuma ya kigae, upande usiopakwa rangi ya kung'aa: manganizi inaacha mstari mweusi, silva safi inaacha wa kung'aa. Na mengi tunayookota huku ni lava tu ya Meru na Kilimanjaro, mengine sumaku inayavuta kidogo kwa sababu yana chuma ndani.

Naelewa watu wanapochanganya, maana silva nayo ikikaa inakuwa nyeusi (angalia cheni ya bibi), halafu kuna migodi ya zamani kweli, kama Leadville kule Colorado, Marekani, silva na manganizi vilichimbwa eneo moja. Ila hata huko macho hayakutosha, jiwe lilipimwa kwanza.

Kwa hiyo ukiipata meseji hiyo usiifowadi, na ukiwa na wasiwasi na jiwe lako lipeleke maabara ya madini kabla hujamlipa dalali hata mia.