Ana kilo ngapi?

Simu ya kwanza ikitoka wodi ya wazazi, maswali ni yale yale. Wa kiume au wa kike? Mama mtu hajambo? Kisha: ana kilo ngapi? Jibu likiwa tatu na nusu, utasikia vigelegele upande wa pili. Likiwa moja na nusu, kimya. Sisi tunaohudumia watoto wachanga tunakijua vizuri kimya hicho, na makala haya ni kwa ajili ya yule aliyeshika simu.

Kitabibu, mtoto aliyezaliwa na chini ya gramu 2,500 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu, na chini ya gramu 1,500 ni uzito pungufu sana. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, mwaka 2020 walizaliwa watoto milioni 19.8 wa chini ya gramu 2,500 duniani, karibu mmoja katika kila saba. Na hayo ni makadirio, kwa kuwa si wote ambao hesabu huwafikia. Ukifungua madaftari ya wodi nyingi utaona kilo 2.5 kamili na kilo 3 kamili zimerundikana kupita kiasi. Watoto hawazaliwi hivyo. Ni sisi tunaousoma mshale wa mzani na kuusogeza kwenye mstari ulio karibu. Mtoto wa gramu 2,460 akiandikwa 2.5 ametoka kwenye orodha ya wanaohitaji uangalizi, kwa mkato wa kalamu tu. Ukiwa chumbani mtoto wako anapopimwa, hakuna ubaya kuuliza kwa upole kama mzani umerudi sifuri.

Halafu wadogo wenyewe si wa aina moja. Yupo njiti, aliyezaliwa kabla ya wiki 37: mapafu hayajakomaa, kinga ambayo mama humpa mtoto kwa wingi miezi ya mwisho hajaipata yote, na kabla ya wiki ya 34 hivi bado hajaweza kupanga vizuri kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Na yupo aliyetimiza miezi yake lakini hakukua tumboni, kwa sababu kondo la nyuma halikumfikishia chakula cha kutosha. Shinikizo la damu la mama, upungufu wa damu, mapacha, malaria: vyote vinaweza kumfikisha huko. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo hata mama asipohisi homa, ndiyo maana kliniki inasisitiza vidonge vya SP, vya kukinga malaria, ambavyo wengine huvificha chini ya ulimi na kwenda kuvitema nje. Wapo pia wenye hali zote mbili. Kwa hiyo maneno ya majirani kwamba "mama hakula" mara nyingi ni uonevu mtupu.

Lishe ina nafasi yake, lakini tuipime. Dar es Salaam, watafiti waliwafuatilia wajawazito 8,468 wasio na VVU. Nusu walipewa vidonge vya vitamini mchanganyiko kila siku, nusu vidonge visivyo na kitu, na wote wakapata madini chuma na foliki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: uzito pungufu ulikuwa asilimia 7.8 kwa waliopata vitamini na 9.4 kwa wengine. Ni nafuu ya kweli, ingawa ndogo, na idadi ya njiti haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Baadaye likajaribiwa wazo lililopendwa na wengi, la kumpa mtoto matone ya vitamini A mara tu anapozaliwa. Tanzania peke yake waliingia watoto karibu 32,000, na vifo havikupungua. Mimi huona jaribio la namna hiyo ni la thamani sawa na lile lililofanikiwa, kwa sababu limetuzuia kugawa nchi nzima kitu kisichosaidia.

Sasa nije kwenye joto, maana hapo ndipo watoto wengi wadogo hupotea. Uji wa kikombe hupoa kabla ya uji wa sufuria. Mtoto wa kilo moja na nusu ana ngozi kubwa kulinganisha na mwili wake, mafuta ya kumkinga hana, na amezaliwa akiwa amelowa. Akipoa anachoma sukari na oksijeni ili ajipashe joto, sukari inashuka, analegea, ananyonya kidogo, anazidi kupoa. Joto tunalolitaka ni nyuzi 36.5 hadi 37.5, na chumba ambacho mtu mzima anakiona cha kawaida kwake ni baridi. Ndiyo sababu hatumwogeshi kabla ya saa 24, hata bibi akinuna.

Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyofurika, mashine za joto chache na maambukizi yanayohama kutoka mtoto hadi mtoto. Akawaomba akina mama wawabebe watoto vifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mwanawe. Lililoanza kama njia ya kukabili uhaba likathibitishwa na tafiti kwamba linaokoa maisha. Lakini lilikuwa na sharti: mtoto awekwe kwanza kwenye chumba cha uangalizi, mbali na mama, mpaka hali yake itulie, ndipo abebwe. Kutulia huko huchukua siku kadhaa, na vifo vingi vya watoto wadogo hutokea siku hizohizo za mwanzo. Tulikuwa tunaitoa dawa baada ya mgonjwa kuvuka hatari.

Je, abebwe tangu mwanzo, kabla hajatulia? Wengi wetu tuliogopa, na hofu haikuwa ya kijinga: mtoto anayepumua kwa shida, aliyewekewa oksijeni, unamfunga vipi kifuani pa mama aliyetoka kupasuliwa? WHO ikaratibu jaribio katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Kwetu lilifanyika Muhimbili. Waliingia watoto 3,211 waliozaliwa na gramu 1,000 hadi 1,799. Kila mmoja alipangiwa kundi kwa nasibu, kama kurusha shilingi. Jambo hili huwaudhi ndugu, nao wana haki ya kuelezwa: tungechagua wenyewe, tungewapa akina mama wale walioonekana wana nguvu, kisha tungejisifu kwamba wamepona.

Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili mama alihamia na kitanda chake ndani ya chumba cha uangalizi, na akiwa hajiwezi, shangazi au bibi alimbeba mtoto kwa niaba yake. Watoto wa kundi hili walikaa kifuani takribani saa 17 kwa siku wakiwa kwenye uangalizi, wenzao saa moja na nusu. Mapema mwaka 2020 kamati huru inayolinda usalama wa washiriki ilishauri kazi isimamishwe kabla ya kufikia idadi iliyopangwa, kwa kuwa tofauti ilikuwa kubwa mno kuendelea kuwanyima wengine. Katika siku 28 za kwanza walifariki asilimia 12.0 ya waliobebwa mara moja, na asilimia 15.7 ya waliosubiri. Kwa hesabu ya wodini, kila watoto 27 wakibebwa hivyo, mmoja zaidi anaishi. Maambukizi makali na kupoa vilipungua pia. Kwa saa 72 za mwanzo peke yake tofauti ilionekana lakini haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha. Wala utafiti hauwezi kutenganisha ngozi ya mama na uwepo wake mle ndani saa zote, akikamua maziwa na kuona mabadiliko kabla ya muuguzi mwenye watoto ishirini. Binafsi sioni haja ya kuvitenganisha.

Mwaka 2022 WHO ilibadilisha mwongozo: njiti na wenye uzito pungufu wabebwe kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa yule asiyeweza kupumua mwenyewe hata baada ya kusaidiwa, aliye katika mshtuko (damu haimzunguki mwilini vya kutosha) au anayehitaji mashine ya kupumulia.

Namna yenyewe ni rahisi kuliko inavyosikika. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Alale wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande, shingo isipinde mbele wala kurudi nyuma sana. Khanga au kitenge kifungwe mpaka chini kidogo ya sikio lake. Mabibi husema mtoto atakosa pumzi. Shingo ikikaa vizuri hakosi, na kifua cha mama kinachopanda na kushuka humkumbusha kupumua. Usiku mama alale ameegemea mito. Baba naye ana kifua. Asiyeweza kunyonya hukamuliwa maziwa akanyweshwa kwa kikombe, au kwa mpira wa kulishia, na yale mazito ya njano ya mwanzo yasimwagwe hata tone.

Mkiruhusiwa kurudi nyumbani, mrudisheni hospitali bila kungoja asubuhi akipumua haraka au mbavu zikiingia ndani, akikataa maziwa, akipoa au kupata homa, akishikwa na degedege, au viganja na nyayo zikigeuka njano.

Akina mama huuliza waache lini kubeba. Akikaribia kilo mbili na nusu ataanza kutoa mikono nje ya khanga, atajipindapinda, atalia kila akifungwa. Amechoka kubanwa. Mfungueni.