Bwawa Halikubomoka, Maji Yalilizunguka

"Mbona hawakumwaga zege nene tangu mwanzo?" Swali hili nimelijibu hadi nimechoka, kila ninapoeleza habari za Cape Sable, ile ncha ya kusini-magharibi ya Florida iliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Everglades. Mtu akisikia kwamba mabwawa ya kule yameshindwa zaidi ya mara moja, papo hapo anahukumu kuwa kuta zilikuwa dhaifu.

Kwanza tuelewane: bwawa hapa halihifadhi maji. Ni ukuta unaoziba mfereji. Mifereji hiyo ilichimbwa miaka ya 1920 ili kukausha mbuga za ndani ziwe mashamba, na ikatoboa tuta la asili la tope la chokaa lililotenga maji baridi na bahari. Maji chumvi yakapata mlango. Baadaye yaliwekwa matuta ya udongo, yakachukuliwa. Yakaletwa mabamba ya chuma, ukingo ukaliwa. Mwaka 2010 na 2011 mifereji ya East Cape na Homestead ilizibwa upya.

Sasa sikiliza, ndugu yangu. Bahari inapopwa, maji yaliyo ndani hayawahi kushuka kwa kasi ileile. Upande mmoja wa ukuta maji yako juu, upande wa pili yako chini, nayo hutafuta pa kupenya. Chuma hayapenyi, zege hayapenyi. Ukingo wa tope na mboji ulio pembeni yanaupenya. Dalili ya kwanza ni kijito chembamba pale bamba la mwisho linapogusa ukingo, penye mashimo ya kaa na mizizi iliyooza. Kikiwa na maji maangavu, kifuatilie tu. Kikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kinabeba udongo na tundu linakua. Likija bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, ukingo unameguka, ukuta unabaki umesimama na maji yanapita ubavuni. Mfereji ukipanuka, maji mengi zaidi huingia na kutoka kila siku, nayo huupanua tena.

Kwa hiyo unene haukusaidii kitu. Zege zito juu ya mboji laini hata huongeza balaa, maana linadidimia. Fedha hizo zipelekeni kwenye ncha za ukuta: mabamba yaingie ndani kabisa ya ukingo, yakitwe hadi tabaka gumu, mawe yapangwe juu ya kitambaa cha kuchujia. Usipandishe kimo kwa kujionyesha. Kimbunga kitalifunika tu, hivyo afadhali maji yavuke katikati palipojengwa kwa mawe kuliko kando. Pengo la mwisho lizibwe wakati wa maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu. Na wakaguzi, nawasihi: nendeni maji yakipwa baada ya bamvua. Siku nyingine mtapiga picha za ukuta mzuri na kurudi na ripoti isiyo na maana.

Kuna wengine husema ukuta uondolewe, asili ijitengeneze. Asili gani? Mfereji ulichimbwa na watu. Maji chumvi yakiingia, nyasi za maji baridi hufa, na mizizi yake ndiyo iliyoishika mboji. Salfeti ya bahari huwasaidia bakteria kuiozesha zaidi. Ardhi hushuka, linabaki dimbwi lenye kina ambamo mche wa mkoko haushiki, na tope husombwa hadi Ziwa Ingraham lililo hukohuko. Ni kweli bahari yenyewe inapanda: kipimo cha Key West kimeonyesha ongezeko la zaidi ya sentimita 20 tangu 1913. Bwawa haliondoi hilo, ila linapunguza kasi ya uharibifu.

Wengine hudai: "Mamba wanapenda chumvi, mkiziba mtawaua." Kinyume chake. Mamba wa Marekani wanapokuwa wadogo hawakui vizuri penye chumvi kali. Mifereji ya Buttonwood na East Cape ilipozibwa miaka ya 1980, viota viliongezeka.

La mwisho ni la wenye kutoa fedha: eti mahali pasipo watu, kazi ni rahisi na tathmini ya mazingira ni karatasi za kujaza. Hakuna barabara. Kila jiwe, kila bamba na kreni yenyewe huja kwa tishari, katika maji ya kina kifupi ambamo tishari lililojazwa kupita kiasi hukwama likingoja maji yajae. Tathmini ndiyo inayokupa kalenda. Mamba hutaga mwishoni mwa Aprili na Mei, vifaranga hutoka Julai na Agosti, na msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Hesabu mwenyewe miezi iliyobaki, kisha ndipo uniletee ratiba.