Charta si mahali pa kupumzikia

Juzi tena. Niko harusini Chikongola, sahani ya pilau mkononi, jamaa yangu anayerusha ATR, ndege ya injini mbili ya shirika lenye ratiba, kaja kunipiga bega: "Kapteni, nikichoka nakuja kwenu charta, kwenye ndege za kukodi, nipumzike." Meza nzima ikacheka. Ni mara ya nne mwaka huu. Nimeona niandike, kuliko kumnunia mtu mbele ya bibi harusi.

Tuanze na umri. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, anayebeba abiria kwa malipo katika safari za kimataifa akiwa rubani peke yake anaishia miaka 60. Wakiwa wawili, 65. Mimi nina Caravan, ndege ndogo ya injini moja, na mara nyingi kiti cha kulia anakaa abiria au hakuna mtu. Kwa kipimo hicho mzee wa miaka 61 kwenye ATR bado ana kazi, kwangu hana. Halafu kuna vipimo vya afya: ukishavuka 40, rubani wa peke yake anapimwa kila miezi sita, wakati mwenye msaidizi anaendelea na mara moja kwa mwaka mpaka afike 60. Mimi nina 47. Nani anapumzika hapo?

Mishahara siigusi.

Ila na sisi tuna kiburi chetu. Tukiwa wenyewe tunawaita marubani wa mashirika madereva wa basi: Dar, Mtwara, Dar, otopailoti, chai. Nilikuwa nawacheka hivyo mpaka niliposailiwa kazi na shirika moja la ndege. Nilikuwa na saa 3,200 za kurusha, nikaingia kifua mbele. Swali la kwanza: za injini mbili ni ngapi? Mia na arobaini. Watu husema saa ni saa. Si kweli. Leseni ya ATPL, ile ya juu kabisa ya rubani, inadai saa 1,500, nami nilikuwa nimezipita mara mbili, lakini zangu karibu zote ni za injini moja, viwanja vya vumbi, mchana, macho nje. Kupaa na kushuka Kilwa mara mia tatu hakukufundishi kufanya kazi na mtu wa pili.

Hilo nililijua kwenye usaili huohuo, ndani ya simuleta, mashine ya kuigiza urushaji. Flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, nikavuta mwenyewe. Redio nikajibu mwenyewe. Orodha ya ukaguzi nikaisoma kimoyomoyo, maana ndivyo nilivyozoea, hakuna wa kumsomea. Mwenzangu wa kiti cha pili kaweka mikono mapajani muda wote. Tulipotua akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, mimi nilikuwa abiria?" Kazi sikupata, na walikuwa na haki. Kwao mmoja anarusha, mwingine anamwangalia anayerusha, na huyo wa pili ndiye anayeshika kosa kabla halijakua. Mimi nilimgeuza pambo.

Sasa kinyume chake. Kuna ndugu mmoja alitoka shirika akaja kwetu, nikapewa nimfundishe. Siku ya kwanza, kiwanja cha Kikwetu, Lindi, namwona kasimama kando ya ndege, katulia tu. Unasubiri nini? Karatasi ya uzito. Inatoka kwa nani? Kimya. Abiria tisa, mabegi, boksi za korosho, ndoo ya pweza, na mama mmoja anayeapa mzigo wake ni kilo tano. Unapima wewe. Unapanga wewe, kwa sababu ukirundika vyote mkiani, pua itataka kupanda kabla hujaiambia. Kiwanja hakina mnara wa kuongozea ndege, basi unapita juu kwanza uangalie mfuko wa upepo, na mbuzi. Kusi ikikupiga ubavuni hakuna sauti ya pembeni ya kukukumbusha mwendo. Ilimchukua miezi mitatu kuacha kunigeukia kila redio inapoita. Alikuwa rubani mzuri sana, tena wa kuruka kwa kusoma vyombo bila kuona nje kunizidi mimi. Sasa huyo alipanda au alishuka cheo?

Anayehama kwenda shirika naye ajue kwamba mashirika mengi yanapanga ukubwa kwa foleni ya kuingia. Saa zako elfu sita zinaweza kukaa kulia, kiti cha msaidizi, chini ya kijana aliyekutangulia.

Lipo moja linaloninyima raha. Shirika lina ofisi ya kumwambia abiria hapana. Kwangu aliyekodi ndege amekaa nyuma ya kisogo changu. Siku moja nilipaa Kilwa Masoko na wingu jeusi limesimama upande wa bahari, mteja ana kikao Dar. Hakunilazimisha. Aliangalia saa yake tu. Tulifika, tukashikana mikono, akasifu. Mpaka leo sijui kama mtu wa pili angenizuia, au tungeiangalia ile saa wote wawili.

Nilimtumia jamaa wa ATR rasimu ya haya kabla sijaiweka hapa. Ana miaka 56. Hakusema lolote kuhusu simuleta wala pweza. Alijibu usiku: "Hiyo ya 60 ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli, na akija aje na mizani yake.