Bustani ndogo ya wanyama: itazame ardhi kabla ya kumtazama chui

Nikishasema kwamba kazi yangu ni udaktari wa wanyamapori, watu hawaniulizi habari za magonjwa. Wananiuliza kuhusu ile bustani ndogo ya wanyama ya mjini: inafaa kwenda, au ni kupoteza siku? Anayeuliza huwa na watoto wawili watatu, siku moja tu ya mapumziko, na wasiwasi kwamba atalipa kiingilio akamkute simba mzee amelala na tumbili wawili wanyonge, basi, imeisha.

Nimefanya kazi miaka kadhaa ndani ya bustani za namna hiyo, nikitibu kuanzia kobe hadi chui, na baadaye nikawa naitwa kuzikagua. Zipo ndogo ambazo ningezichagua mbele ya kubwa nyingi zenye sifa. Zipo nyingine ambazo ningekushauri ugeuzie getini. Ukubwa wa kiwanja hauniambii sana. Kinachoniambia ni orodha ya wanyama: je, wenye bustani walichagua wanyama wanaoendana na nafasi waliyo nayo, au walitaka kila mnyama aliyemo kwenye vitabu vya picha vya watoto?

Nianze na wale wasioendana nayo. Mwaka 2003 Ros Clubb na Georgia Mason wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa wanyama walao nyama wanaofugwa kwenye bustani. Waliona kwamba wanaoathirika zaidi na kifungo ni wale ambao porini huzunguka maeneo makubwa. Hao ndio wanaokwenda huku na huku bila kituo, na hao ndio watoto wao hufa kwa wingi zaidi. Dubu wa barafu alikuwa mfano mkali kuliko wote: banda lake la kawaida lilikuwa kama sehemu moja tu ya milioni ya eneo dogo kabisa analozunguka porini. Hapo hata ukilipanua banda mara kumi hujafika popote. Kwa hiyo bustani ndogo inayofuga dubu wa barafu imeshakujibu swali lako. Vivyo hivyo inayofuga tembo mmoja. Tembo jike porini huishi katikati ya mama, shangazi na dada zake. Ukimkuta peke yake kwenye ua wa zege, akiyumba kulia na kushoto kama anayefuata ngoma wasiyoisikia wengine, tafadhali usimwambie mtoto kwamba anacheza.

Kwa wanyama wengine mimi huanza na ardhi.

Niliwahi kuitwa kumwona chui ambaye, kwa maelezo ya simu, alikuwa "mzima kabisa, anapenda sana mazoezi". Nilipofika, hata kabla sijamtazama mwenyewe, niliiona njia. Ilikuwa kando ya wavu, upana wake kama viganja viwili, haina hata jani moja, na udongo wake umeshindiliwa mpaka unang'aa. Kila mwisho wa njia kulikuwa na kishimo, pale alipogeukia kwa mguu uleule siku zote. Nikakaa nikahesabu: hatua kumi na moja, anageuka, hatua kumi na moja, anageuka. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa unakanyaga doa lilelile kila safari, kana kwamba limechorwa kwa chokaa. Tabia hii ya kujirudiarudia isiyo na shabaha wataalamu huiita stereotipia, na haina uhusiano na mazoezi. Tuliacha kumpa nyama kwa saa ileile na mahali palepale, tukawa tunamfichia. Tukamjengea jukwaa la juu ili awaone watu kabla hawajamfikia. Tukaziba upande mmoja wa wavu kwa mianzi. Njia haikufutika, maana tabia ikishazama hivyo ni nadra kwisha kabisa, lakini baada ya wiki kadhaa katikati yake palianza kuota majani, na mtunzaji wake alinipigia simu kunieleza habari za majani hayo kama mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mjukuu.

Tazama ardhi, basi. Lakini usitoe hukumu kwa dakika moja. Mnyama anayetembeatembea nusu saa kabla ya mlo huenda amesikia tu kelele za ndoo. Na simba aliyelala hana kosa lolote. Porini pia simba anaweza kulala au kujinyoosha hadi saa 20 kwa siku, na kumgongea wavu ili "afanye kitu" ni utovu wa adabu. Kwangu mimi banda linaloonekana tupu mara nyingi ni dalili njema, kwa sababu maana yake mnyama amepewa mahali pa kujificha na ameamua kupatumia. Heini Hediger, Mswisi aliyeziongoza bustani za Bern, Basel na Zürich kwa nyakati tofauti, alisisitiza tangu miaka ya 1940 kwamba ubora wa nafasi una uzito kuliko wingi wake, na kwamba mnyama asiye na pa kumkimbilia mtu haishi kwa amani hata siku moja. Watazamaji wengi wanataka kinyume chake. Wanataka mnyama akae mbele, kwenye mwanga, awatazame. Meneja wa bustani anayekubali kusikia manung'uniko yao kuliko kuondoa kichaka namheshimu sana.

Ndege nao wana maandishi yao. Kasuku mwenye kifua kitupu na kichwa chenye manyoya kamili anajinyonyoa mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haufiki kichwani. Sababu inaweza kuwa upweke, uchovu wa kukaa bila kazi, au maradhi. Kichwa nacho kikiwa kitupu, mshuku mwenzake wa bandani, au ugonjwa. Flamingo ni kisa kingine. Ni ndege wa makundi makubwa, na wakiwa wachache mara nyingi hawazai kabisa, hivyo baadhi ya bustani huwawekea vioo ili kundi lijione kubwa. Ukiviona vioo usicheke. Kuna mtu aliyefikiri. Tumbili mmoja peke yake, kwa upande mwingine, ni kasoro hata kama banda lake lina kamba, magogo na maporomoko ya maji, isipokuwa mtunzaji akueleze sababu ya maana.

Sasa upande ambao bustani ndogo inaweza kuishinda kubwa: viumbe wadogo. Vyura, mijusi, nyoka, kobe, buibui, samaki, wadudu. Kwa hawa, chumba kimoja chenye joto na unyevu unaofaa kinaweza kuwa makao kamili, na thamani yake kwa dunia ikapita ya zizi la twiga.

Mfano ninaoupenda ni wa chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, Tanzania, akiishi kwenye eneo la hekta chache tu lililokuwa likilowanishwa saa zote na rasharasha za maporomoko. Hafikii sentimita 3, rangi yake ni ya manjano, na hatagi mayai kama vyura wengi. Huzaa watoto hai, wadogo kuliko punje ya mchele. Bwawa la kuzalisha umeme lilipoanza kuyachepusha maji, rasharasha zikakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa bustani ya Bronx huko New York, na baadaye bustani ya Toledo katika jimbo la Ohio nayo ikawa mlezi wao mkubwa. Kuwalea kulikuwa kugumu. Walikufa wengi, mpaka kuna kipindi walibaki chini ya mia. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba korongoni hawapo tena. Lakini wale waliokuwa wakilelewa kwenye visanduku vya kioo huko Marekani walikuwa wameshaanza kuongezeka, na mwaka 2010 mia moja kati yao wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha kuanzia 2012 wakaanza kuachiwa korongoni, ambako kulishafungwa mabomba ya kunyunyiza maji badala ya maporomoko. Bronx na Toledo ni bustani kubwa, sawa. Ila kazi yenyewe ilifanyika ndani ya visanduku vya kioo, na kisanduku cha kioo kinaenea katika bustani yoyote.

Bustani ndogo pia ina nafasi yake katika mipango ya uzazi, ingawa ni nafasi isiyo na sifa. Wanyama adimu wanaofugwa huandikwa katika daftari la ukoo, linaloonyesha nani kazaliwa na nani, ili ndugu wasipandane. Utaratibu huo ulianza kushika kasi na nyati wa Ulaya, ambaye daftari lake la kwanza lilitolewa mwaka 1932. Daftari likionyesha kwamba madume fulani hawahitajiki kuzaa kwa sasa, lazima mtu awapokee, na anayewapokea mara nyingi ni bustani isiyo na nafasi ya kutosha familia nzima. Hivyo ukikuta "madume watatu tu, hakuna jike, hakuna watoto", usidhani bustani imefeli. Mimi huwa na shaka zaidi na ile yenye watoto kila msimu. Muulize mtunzaji: huyu akikua ataenda wapi? Akikosa jibu, jibu ni baya. Na penye bango la kupiga picha ukiwa umempakata mtoto wa simba, rudisha pesa yako mfukoni. Mtoto huyo ametolewa kwa mama yake mapema ili azoee mikono ya watu, na baada ya miezi michache atakuwa mkubwa mno kwa kazi hiyo, atahitajika mwingine.

Watunzaji ndio faida ya pili ya udogo. Katika bustani kubwa utamwona mtunzaji kwa mbali, akisukuma toroli. Katika ndogo yupo palepale, ana ndoo mkononi, na kwa uzoefu wangu anatamani sana aulizwe kitu kingine kuliko "anang'ata?". Nenda asubuhi wanapofungua. Zunguka mara moja upesi, itakuchukua saa moja hivi, kisha chagua mabanda mawili na ukae kila moja dakika ishirini bila kuhama. Watoto watalalamika dakika tano za kwanza. Halafu mmoja atamwona yule aliyekuwa amejificha, na hapo ndipo utashindwa kuwaondoa. Rudi tena mwezi ujao kwa wanyama walewale. Ukimfahamu kobe mmoja vizuri, utaona mengi kuliko kupita mbele ya spishi mia tatu mchana mmoja.

Na ukifika kwa huyo kobe, inua macho uitazame taa. Kobe anayefugwa ndani anahitaji miale ya UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, ili mwili utengeneze vitamini D3 na uweze kutumia kalsiamu. Akiikosa, mifupa hulainika, taya hulegea, na miguu hupinda. Ujanja wa taa hizi ni kwamba UVB hupungua kwa miezi huku mwanga wa kawaida ukibaki vilevile, kwa hiyo taa huwaka vizuri na haifanyi kazi. Gamba lenyewe litazame kwa wale wachanga: likiota vilima kama piramidi ndogondogo, mara nyingi walilelewa kwenye hewa kavu mno. Kobe mzee mwenye vilima huenda aliokolewa kwa mtu akiwa hivyo tayari, usimhukumu anayemtunza sasa.

Kisha muulize mtunzaji taa hiyo ilibadilishwa lini. Nimekuta wanaokuonyesha kibandiko chenye tarehe iliyoandikwa kwa kalamu, hata kabla hujamaliza kuuliza. Kwa hao, kata tiketi ya mwaka mzima. Nimekuta pia wanaoitazama taa, wakakugeukia kwa mshangao na kusema: "Mbona inawaka?" Hapo chuchumaa umtazame kobe miguu.