Je, wajua kwa nini mtu huyohuyo ni mpole kazini halafu nyumbani ni moto?

Mtu wa hivi kila mtu anamjua. Kazini sauti yake hata huisikii, akiingia nyumbani anafoka mpaka watoto wanajifungia chumbani. Watu wanasema kazini anaigiza, eti rangi yake halisi ni ile ya nyumbani. Hivi ni kweli? Wanasaikolojia wamelibishania hili miaka na miaka.

Zamani walichukulia hulka ni kitu unacho tu, kama urefu. 1936 Gordon Allport na mwenzake Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakatoka na maneno karibu 18,000 ya kumwelezea mtu, mwoga, mchoyo, mcheshi, yaani yote, na waliokuja baadae wakachuja wee mpaka yakabaki mafungu makubwa matano: uchangamfu, utu kwa wenzako, umakini, wepesi wa kupata wasiwasi na hasira, na kupenda mambo mapya.

Sasa 1968 Walter Mischel akatia mchanga kitumbua cha watu. Akasema chukueni majibu ya mtu kwenye dodoso la tabia mlinganishe na anachokifanya kweli sehemu fulani, uhusiano ni mdogo, mara chache unapita 0.30, na kufanana kabisa ni 1. Ushahidi ulikuwepo tangu miaka ya 1920, Hartshorne na May walipima maelfu ya watoto wakakuta anayeibia kwenye mtihani si lazima ndo yule anayedanganya kwenye mchezo.

Basi wengine wakasema hulka haipo kabisa, ambapo mi naona walikurupuka. 1979 Seymour Epstein alionyesha kwamba ukijumlisha matendo ya siku nyingi mtu anaanza kujirudia vizuri tu, tatizo lilikuwa kumhukumu kwa tendo moja, sawa na kumpa mwanafunzi swali moja ukasema huo ndo mtihani.

Ila utamu wenyewe uko kwa Mischel huyohuyo, alipokuja kushirikiana na Yuichi Shoda wakaangalia watoto kwenye kambi ya likizo kwa wiki kadhaa. Unakuta watoto wawili, ukipiga wastani ugomvi wao unalingana, lakini mmoja anawaka akitaniwa na wenzake na mkubwa akimkaripia anatulia, mwingine kinyume chake. Na kila hali hiyo ikirudi, anafanya vilevile! Yaani kubadilika kwenyewe kuna mpangilio, na huo mpangilio nao ni sehemu ya hulka yake.

Kwa hiyo yule wa kwetu pengine haigizi popote. Labda kanuni yake ni kwamba mbele ya aliyemzidi ananyamaza, mbele ya aliye chini yake anafoka, na kama ndo hivyo basi mpeni ubosi hapohapo kazini muone huo upole utadumu wiki ngapi.