Pembetatu ya jiko: ichore kabla hujaagiza makabati

Kabla hujamwita seremala aje kupima ukuta, tafuta kipande cha chaki. Ingia jikoni kwako utie alama tatu sakafuni: mbele ya sinki, mbele ya jiko la gesi na mbele ya friji. Ziunganishe kwa mistari. Umbo hilo ndilo wasanifu wa majengo wanaloliita pembetatu ya jiko, yaani njia anazopita mpishi kutwa nzima: anatoa samaki kwenye friji, anamwosha, anambandika, anarudi sinkini na sufuria.

Kipimo kinachotumiwa sana ni hiki: kila upande usipungue mita 1.2 wala usizidi mita 2.7, na pande zote tatu zikijumlishwa ziwe kati ya mita 4 na 8 hivi. Zikiwa fupi mno utakosa pa kuweka ubao wa kukatia, na mlango wa friji utamgonga anayekoroga ugali. Zikiwa ndefu mno utabeba maji ya moto safari nzima. Jambo jingine, ambalo kwangu ni kubwa kuliko vipimo vyenyewe, ni kwamba njia ya wapita njia isiikate pembetatu.

Hili nimelijua kwa kuumia. Nilipokarabati jiko langu nilianza na rangi ya milango ya makabati. Friji ikawekwa palipobaki, upande wa pili wa mlango wa ua. Kila mtoto anayetoka nje kuja kunywa maji anapita katikati yangu na moto, na mara mbili tumegongana nikiwa nimeshika sufuria ya maharage yanayochemka. Makabati ni mazuri mpaka leo, lakini hayawezi kuhamisha mlango.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1926 msanifu wa kike kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu. Alikuwa amechunguza majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni, ambamo wapishi walilisha watu wengi ndani ya kichumba kidogo, akahesabu hatua za mwanamke jikoni kama mtu anavyohesabu hatua za kazi kiwandani. Majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yalijengwa. Aliyesimamia mradi huo wa nyumba, Ernst May, alihamia Tanganyika mwaka 1934 akawa mkulima, kisha akarudia usanifu; ndiye aliyechora mpango wa kupanua Kampala miaka ya 1940. Pembetatu kwa umbo tunalolijua leo ilienezwa na Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, katika miaka hiyohiyo ya 1940.

Sasa, watu hao walidhani maji yanatoka bombani. Kwetu uliza kwanza: maji yangu yanatoka wapi kweli? Kama mgao ni wa siku mbili kwa wiki na unachota kwenye ndoo au pipa, basi pembe ya maji ni pale pipa lilipo, na chaki yako ianzie hapo. Uliza pia moto. Nyumba nyingi zina jiko la gesi ndani na la mkaa uani, kwa maharage na makande. Kama wali wa kila siku unapikwa nje, mlango wa ua ni sehemu ya jiko, na meza ya kukatia ikae karibu nao.

Jiko la ukuta mmoja halina pembetatu, lina mstari. Hapo panga friji, kisha sinki, kisha moto, na uache kaunta ndefu kuliko zote kati ya sinki na moto, kama sentimita 90 ukiweza, maana hapo ndipo kazi nyingi hufanyika.

Mistari ikishatulia ndipo makabati yazungumzwe. Yale ya chini huwa na kina cha sentimita 60, ya juu 30 hadi 35. Sufuria zikae kwenye droo pembeni ya moto, sahani karibu na sinki. Kabati la chini ya sinki usilitengeneze kwa MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ikinywa maji huvimba na hairudi. Hapo tumia mbao au plaiwudi ya kuhimili maji, hata kama milango mingine yote ni ya MDF.

Mtungi wa gesi nao uamuliwe mapema. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama chini. Mtungi uliofungiwa ndani ya kabati lisilo na matundu chini ni hatari kweli. Bora ukae nje, kivulini, kwenye kizimba kinachofungwa, na bomba lipite ukutani. Kazi hiyo fundi aifanye kabla ya vigae.

Mwisho ni kimo. Kaunta nyingi hujengwa kwa sentimita 85 hadi 90, lakini anayepika ndiye kipimo: asimame wima, akunje kiwiko, na kaunta iwe sentimita 10 hadi 15 chini yake. Kama nyumbani mnasukuma chapati kila Jumapili, mwombe fundi ashushe kipande kimoja cha kaunta kiwe chini kidogo, maana kusukuma kunataka uzito wa mabega. Mpeleke anayepika mbele ya fundi, apimwe yeye.