Je, wajua kwa nini mpingo ni mweusi ndani tu, na kwa nini Wamakonde walioupenda hivyo hawachongi nao vinyago vya kuvaa?

Ukikata gogo bichi la mpingo, chini ya gome unakuta tabaka jembamba jeupe linaloelekea unjano, hilo ndo linapitisha maji, halafu katikati ndo kuna kiini cheusi. Mti unavyozeeka sehemu za ndani zinakufa na mti unazijaza mafuta na kemikali ambazo mchwa na kuvu hawaziwezi, weusi wote unatoka hapo, sio rangi ya kupaka. Kwa hiyo pale soko la vinyago Mwenge, Dar, ukikuta kinyago chenye mstari mweupe pembeni usidhani ni kibovu, mara nyingi fundi kauacha makusudi, bora uogope kile cheusi tii ambacho ni chepesi mkononi, hicho ni mti mwingine umepakwa kiwi ya viatu.

Maana mpingo ni mzito kweli. Unakua taratibu mno, inaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kupata gogo la maana, na meta moja ya ujazo ina kama kilo 1,200 wakati maji ni kilo 1,000, ndo maana ukiutia kwenye ndoo unazama. Sasa fikiria mtu acheze ngoma usiku kucha na kitu hicho kichwani! Ndo maana mapiko, vile vinyago vya kuvaa vya jandoni, vinachongwa kwa miti myepesi. Mpingo ulishika kasi hasa baada ya Wamakonde wa Mueda, Msumbiji, kuvuka Ruvuma kuja kwenye mashamba ya mkonge Tanganyika, wakapata wanunuzi mjini.

Na hapa ndo napopapenda mimi, kwa sababu gogo lenyewe linachangia kuamua kitatoka nini. Mpingo mara chache unanyooka, umepinda, una mifereji, katikati pengine pameoza pakawa wazi, na mafundi wengi hawaanzi na mchoro wowote, wanaligeuzageuza gogo kwanza. Likiwa nene na limenyooka linakuwa ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, likiwa na vifundo na matawi ya ajabu linakuwa shetani, yaani umbo la pepo, mtindo ulioanza miaka ya 1950 na unaotajwa sana pamoja na jina la mchongaji Samaki Likankoa. Mbao imeshikana, fundi anaweza kutoboa matundu katikati ya miili na mkono mwembamba ukabaki mzima, ila kazi yake ni ngumu, tezo na patasi zinaisha makali haraka, kila saa kunoa, na vumbi linawasha macho na pua.

Kuhusu nyufa za vinyago, watu wanalaumu mafundi bure. Gogo bichi linachongeka vizuri zaidi kwa hiyo wengi wanaanza nalo likiwa na maji, na mbao iliyoshikana hivi inatoa maji polepole sana, nje kunakauka na kusinyaa wakati ndani bado, ndo inapasuka. Ukinunua kinyago usikiweke juani wala kwenye upepo wa eysii, kipake mafuta kidogo mara mojamoja, hasa kwenye kitako ambako nyuzi za mti zimekatwa, maana maji yanatokea huko kwa haraka kuliko ubavuni.